Kitabu Kilichokwisha Somwa Huenda Wapi?

Tujiulize leo swali dogo: kitabu kikiisha kusomwa, huenda wapi? Shati likimbana mkubwa hupewa mdogo wake, naye hulivaa mpaka likawa tambara la kufutia meza. Sufuria ikitoboka hupelekwa kwa fundi. Lakini kitabu! Mtoto amalizapo darasa, kitabu chake cha hesabu hulala chini ya kitanda mpaka panya waanze kukisoma kwa meno. Au mama huzichana kurasa zake moja moja akafungia karanga sokoni, na mnunuzi akitazama vema karatasi ile ataona nusu ya somo la jiografia, mito ya Ulaya imelowa mafuta. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Karanga zina bei, karatasi ina bei, bali kitabu kilichokwisha somwa hakina bei, kwa kuwa hakuna mahali pa kukipeleka.

Katika nchi nyingine mahali hapo papo. Ni duka, wala si duka tu. Mchana vitabu vilivyokwisha somwa huuzwa kwa bei ndogo. Jioni viti hupangwa, na watu huja kusikiliza mashairi, muziki na hadithi. Na faida haiingii mfukoni mwa mtu, bali huwaendea wagonjwa na maskini. Nimeona vema niwaeleze jamaa wa Masisi na Walikale jinsi nyumba za namna hiyo zinavyofanya kazi, kisha tupime kama jambo hilo laweza kupata nafasi katika milima na misitu yetu, ambako tangu vita vya mwaka 1993 watu wamezoea kufunga mizigo usiku na kukimbia.

NYUMBA YA CROSBY STREET

Katika jiji la New York, huko Marekani, ipo barabara nyembamba iitwayo Crosby Street, na humo limo duka la vitabu ambalo asili yake ni maradhi. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa Ukimwi, ambao huku kwetu twauita sida, ulianza kuwaua watu wa jiji lile. Dawa zenye nguvu hazikuwapo bado. Mgonjwa alikimbiwa na wenzake, akafukuzwa kazini, na mara nyingi mwenye nyumba naye akamtoa nje. Wengi walikufa barabarani au katika malazi ya wasio na makao, ambamo kifua kikuu kiliwamaliza upesi kuliko sida yenyewe. Mwaka 1990 watu wachache waliokuwa wakiwatetea wagonjwa hao waliunda chama, wakakiita Housing Works. Fikira yao ilikuwa moja tu, nayo ni rahisi kueleweka: mgonjwa asiye na kitanda hataponywa na dawa. Kwanza apate mlango wa kufunga, mengine yatafuata.

Lakini nyumba hugharimu fedha, na serikali huchoka kutoa. Basi wakafungua maduka ya mitumba, yaani nguo na samani walizopewa bure na watu wa jiji, wakaziuza. Na mwaka 1996 wakafungua duka la vitabu. Ni chumba kikubwa chenye rafu za mbao na roshani juu, ambayo huifikia kwa ngazi za kuzunguka kama konokono. Vitabu vyote vimetolewa sadaka. Mtu anahama nyumba, hataki kubeba masanduku. Mwingine amefiwa na babaye aliyekuwa msomaji. Mwingine amenunua kitabu, amekisoma, amekipenda, wala hana nafasi ya kukiweka. Wote huvileta mlangoni. Tena wengi wa wale wanaovipokea, kuvipanga na kuviuza hawalipwi mshahara. Hujitolea saa zao chache kwa juma.

Sasa tazameni hesabu yake, maana hapo ndipo penye akili. Mwenye duka la kawaida hununua kitabu, akamlipa mfanyakazi, ndipo akatafuta faida katika kilichobaki. Duka hili halinunui kitabu, na mishahara yake ni michache. Kwa hiyo laweza kuuza kwa bei ambayo mwanafunzi aimudu, na bado likabaki na kitu cha kuwapelekea wagonjwa. Mambo matatu hukutana: mwenye kitabu hupunguziwa mzigo, msomaji hupata kitabu kwa bei nafuu, mgonjwa hupata kitanda.

Na jioni? Jioni vitabu hukaa kimya rafuni, na watu huingia. Waandishi husoma kazi zao, waimbaji huimba, na hata harusi hufanyika humo! Naam, bwana arusi na bibi arusi hukodi duka la vitabu kwa karamu yao, na fedha ya kodi huingia katika sanduku lile lile la wagonjwa. Mtu aliyekuja kusikiliza muziki tu hujikuta ameegemea rafu, na mkono wake wenyewe umekwisha kuvuta kitabu.

Jambo moja limenigusa kuliko yote. Kwa miaka mingi mikutano ya chama kimoja cha wasimulizi kiitwacho The Moth imekuwa ikifanyika katika nyumba hiyo. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1997 na mwandishi George Dawes Green, mtu wa jimbo la Georgia, ambako zamani yeye na rafiki zake walikuwa wakikaa barazani usiku na kusimuliana habari huku nondo wakiizunguka taa. Ndiyo maana akakiita kwa jina la mdudu huyo. Katika mikutano yao majina ya wenye kutaka kusimulia hutiwa pamoja, yakaokotwa moja moja. Aliyeokotwa husimama mbele ya watu na kusimulia jambo lililompata kweli, kwa muda wa dakika 5 hivi. Sharti ni kwamba asishike karatasi. Yaani katika jiji lenye mitambo ya kuchapa magazeti usiku na mchana, watu hulipa kiingilio, wakakaa katikati ya maelfu ya vitabu, ili kumsikiliza mwenzao akisema kwa kinywa kitupu! Mzee wa Walikale akisikia hayo atacheka, na ana haki ya kucheka.

MANUNG'UNIKO YA UINGEREZA

Wamarekani hawakuwa wa kwanza. Oxfam, chama kilichoanzishwa katika mji wa Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakifa njaa wakati wa vita kuu, kilifungua duka la vitu vya sadaka katika Broad Street mwishoni mwa miaka ya 1940. Na mwaka 1987 kikafungua, katika mji huo huo, duka la vitabu peke yake. Siku hizi maduka yake ya vitabu ni mengi katika Uingereza.

Lakini si wote waliofurahi. Wafanyabiashara wa vitabu vikuukuu walinung'unika, wakasema: sisi twanunua vitabu vyetu, twalipa wafanyakazi na kodi, jirani yetu hupewa vitabu bure, husaidiwa na watu wa kujitolea, tena serikali humpunguzia kodi, tutashindanaje naye? Manung'uniko hayo yana uzito, nasi tusiyapuuze. Katika Nairobi wako watu wanaotandaza vitabu kando ya njia, na mnunuzi hana budi kuinama ili avione, hata watu wakaviita vibanda hivyo maduka ya kuinama. Katika Kinshasa vile vile vitabu hutandazwa chini. Mtu wa namna hiyo hulisha watoto kwa vitabu vyake. Nyumba ya sadaka ikifunguliwa karibu naye na kuuza kwa bei ya chini kuliko yake, itakuwa imemsaidia maskini mmoja kwa kumpokonya mwingine. Kama mahali pana muuzaji wa vitabu, aitwe na kupewa meza ndani.

MAJIRANI ZETU

Afrika ya Mashariki yenyewe ina nyumba zinazokaribiana na hizo, ingawa si maduka ya mitumba. Katika Dar es Salaam, sehemu za Mikocheni, iko Soma, mahali pa vitabu na chai ambapo mama mmoja mchapishaji, Demere Kitunga, pamoja na wenzake, wamekuwa wakiwakusanya waandishi, wanafunzi na washairi wapate kusoma na kujadiliana kwa Kiswahili.

Katika Nairobi habari ni ndefu zaidi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Mzungu tajiri, nayo ina nguzo kubwa mbele kama za mahakama. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Baadaye ilifunguliwa kwa wote, lakini ikachakaa, vumbi likatawala. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda shirika la Book Bunk, wakapatana na serikali ya mji ili wazitengeneze maktaba hiyo na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara, yaliyoko katika mitaa ya wafanyakazi. Hawakupaka rangi tu. Wamewaleta watoto kucheza na kuchora, wanamuziki kupiga ala, waandishi kusimulia. Wamekisia vema kwamba mtu asiyejua kama kitabu chamhusu hataingia kwa ajili ya kitabu. Ataingia kwa ajili ya ngoma, kisha atakaa.

Na Goma? Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa sanaa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 Yole!Africa, nyumba iliyoanzishwa na mtengeneza sinema Petna Ndaliko Katondolo, imewafundisha vijana wa mji huo kupiga picha za sinema, kucheza na kuimba. Na mwezi wa Februari 2014 tamasha la kwanza la Amani lilifanyika katika uwanja wa Collège Mwanga: siku 3 za muziki na ngoma, kiingilio kidogo, na mamia ya vijana wa kujitolea wakipanga watu, wakibeba viti na kulinda milango. Aliyewaona vijana wale atajua kwamba watu wa kujitolea si bidhaa ya New York peke yake.

SIKU 12 ZA RUREKE

Lakini mimi nataka kuwapeleka mbali na mji, mpaka Walikale, kwa kuwa habari kubwa iko huko.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwa akikaa kati ya Wanyanga akichunguza desturi zao. Pamoja naye alikuwapo kijana Mnyanga msomi, Kahombo Mateene, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa lugha za Afrika. Wakamkuta msimulizi mmoja, She-Karisi Candi Rureke, mtu ajuaye habari za shujaa Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho. Desturi ya wasimulizi hao haikuwa kusimulia yote kwa mfululizo. Jioni moja kipande hiki, jioni nyingine kipande kile, kama wenyeji walivyotaka. Safari hii Rureke alikubali kusimulia yote mfululizo. Ilikuwa kazi ya siku 12.

Msifikiri alikaa kitini akisema tu. Aliimba, alicheza, aliigiza. Alitikisa kibuyu chenye mbegu ndani, na wasaidizi wake walipiga fimbo kavu kutoa mwendo, na wasikilizaji waliitikia nyimbo. Waandishi walikuwa wakikimbiza kalamu. Mara kwa mara Rureke alichomeka katika hadithi maneno ya kumhimiza mwandishi aende naye, asibaki nyuma; na maneno hayo nayo yakaandikwa! Mpaka leo yamo kitabuni, na msomaji hucheka.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Katika kijiji cha Tubondo alikuwako mtemi Shemwindo aliyewaamuru wake zake wazae watoto wa kike tu, kwa kuwa alitaka mahari na hakutaka mrithi. Mke wake mpendwa akamzaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Baba akamtupia mkuki, haukumpata; akamzika, mtoto akatoka kaburini; akamtia ndani ya ngoma na kuitupa majini, nayo ngoma ikaelea. Mwindo akasafiri majini mpaka kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi pamoja na wajomba zake kupigana na babaye. Shemwindo akakimbia, akaingia chini ya ardhi. Mwana naye akamfuata huko kuzimu, akapita majaribu mengi, akamkamata, akamrudisha nyumbani. Hapo kila mtu angetazamia kisasi. Lakini Mwindo hakumwua babaye. Watu wakakutanishwa, wakubwa kwa wadogo. Baba akakiri makosa yake mbele yao. Shangazi akasema naye maneno mazito ya kumwonya. Na ufalme ukagawanywa, baba sehemu yake na mwana sehemu yake.

Rureke alisimulia hayo miaka 37 kabla ya vita kuanza katika soko la Ntoto, katika Walikale hiyo hiyo, mwezi wa Machi 1993.

Masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, kwa Kiingereza pamoja na maneno yenyewe ya Kinyanga. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani wameyasoma tangu wakati ule, na watu wanaofundisha fasihi ya dunia humtaja Mwindo pamoja na Sundiata wa Mali. Basi, tuseme mwanafunzi wa sekondari katika Walikale ataka kukisoma kitabu hicho, ambacho babu yake aliitikia nyimbo zake. Kimechapwa ng'ambo ya bahari, kwa Kiingereza ambacho hakitumii shuleni, na bei yake ni ya watu wa vyuo. Katika maduka ya mitumba ya Marekani nakala moja iliyokwisha somwa huweza kukaa rafuni, ina jina la mwanafunzi fulani kwa wino ukurasa wa kwanza, inangoja mtu mwenye dola chache. Kitabu cha namna hiyo ndicho ningetaka kianze safari ya kurudi nyumbani, kabla ya sanduku lo lote la kamusi.

VITA NA VITABU

Najua neno litakalosemwa. Mwalimu, tumekimbia mara tatu, mara nne. Twalala juu ya majani. Nawe watuletea habari za vitabu? Tarehe 4 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mji wa Masisi. Mwisho wa mwezi ule wakaingia Goma. Mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikabomolewa, na watu wakaambiwa warudi makwao. Mwezi wa Machi Walikale nao ukatekwa, hata mwanzo wa Aprili wapiganaji wakautoka. Katika mambo kama hayo mtu hubeba godoro, sufuria na mtoto. Habebi kamusi.

Ni kweli. Lakini ndiyo sababu nasema juu ya duka, wala sisemi juu ya maktaba kubwa. Maktaba hukusanya vitabu vyote mahali pamoja, chini ya paa moja, na ufunguo mmoja. Vita vikija, moto mmoja watosha. Monasteri ya Mokoto katika Masisi, iliyoanzishwa na Watrapisti kutoka Ubelgiji mwaka 1954, ilikuwa na kuta nene na heshima ya watu wote. Hata hivyo mwezi wa Mei 1996 ilivamiwa, watu waliokimbilia humo wakauawa, na watawa wakalazimika kuhamia Goma. Duka hufanya kinyume: hutawanya. Kitabu kikiuzwa Nyabiondo, kingine Mweso, kingine Njingala, hakuna mtu awezaye kuvichoma vyote.

Watu wa Timbuktu, katika nchi ya Mali, waliyajua hayo. Mwaka 2012 wapiganaji walipouteka mji wao, maandiko yao ya kale mengi yalikuwa mikononi mwa jamaa mbali mbali. Yalitiwa katika masanduku ya bati, yakafichwa majumbani, yakasafirishwa kwa siri kwa gari na kwa mitumbwi mpaka Bamako. Na mapema mwaka 2013, wapiganaji walipokuwa wakikimbia, walichoma maelfu ya maandiko waliyoyakuta katika jumba jipya la serikali. Yaliyotawanyika ndiyo yaliyopona zaidi.

Hadithi ya kinywa nayo ina tabia hiyo. Haina uzito. Mtu aliyekimbia na watoto tu, bila hata sufuria, amekimbia pamoja na Mwindo mzima kichwani, kama alipata mahali pa kumsikia. Na mahali pa kumsikia ndipo panapopungua. Zamani palikuwa baraza la kijiji na moto katikati; sasa vijiji vimevunjika, wazee wamekufa kambini, na vijana wako migodini Bisie na Rubaya.

JINSI YA KUANZA

Nyumba yenyewe si lazima ijengwe. Darasa moja baada ya masomo latosha, au ukumbi wa parokia, au ghala ya ushirika ambayo viazi vimekwisha kutoka. Masisi hupeleka viazi, kabichi na jibini Goma kwa njia ya Sake. Gari na chukudu zilizopeleka mboga hurudi na nafasi. Katika Walikale barabara ni adui, lakini watu wa huko waliwahi kubeba mawe ya bati migongoni, kilo 50 kila mtu, siku nzima na zaidi msituni kutoka Bisie. Sanduku la vitabu vya kilo 20 halitawashangaza.

Kazi ngumu ni kuchagua. Sanduku moja la msaada lililofika shuleni kwetu miaka iliyopita, kutoka kwa wafadhili nisiowataja, lilikuwa na nakala 3 za kitabu cha kufundisha programu ya kompyuta ambayo hata wenyewe wamekwisha iacha, na kimoja kizuri sana, chenye picha, juu ya kutunza bustani wakati wa theluji. Wanafunzi walikipenda kwa ajili ya picha, nikawaachia. Lakini mtu aliyelipa gari kuleta uzito huo angeweza kuleta vitabu 20 vya Kifaransa na Kiswahili. Yapo mashirika makubwa yanayofanya kazi hiyo kwa bidii. Books For Africa la Minnesota, lililoanzishwa mwaka 1988, limesafirisha vitabu kwa mamilioni. Hata hivyo anayepokea ndiye apaswaye kuandika orodha: sarufi na hesabu za sekondari, uuguzi, ufugaji wa ng'ombe, sheria za ardhi kwa lugha nyepesi, hadithi za Kiswahili kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Kisichofaa kikataliwe mlangoni bila haya.

Pili, kitabu kisitolewe bure. Cha bure hurudi kwenye karanga. Bei iwe ndogo, nayo iwe ya namna nyingi: faranga kwa mwenye faranga, kikombe cha maharagi kwa mwenye shamba, kitabu kwa kitabu kwa mwenye kubadilisha. Mwanafunzi asiye na kitu afanye kazi ya kutengeneza vitabu vilivyopasuka mgongo, kwa uzi na gundi ya unga wa muhogo, na kila vitabu 10 alivyotengeneza achukue kimoja. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazilipishi, lakini sekondari bado zalipisha. Faida ya duka, iwe ndogo kama ilivyo, iende kwa yatima wa sekondari, na hesabu zake zisomwe mbele ya watu kila mwezi. Nasisitiza neno hili la mwisho. Nyumba nyingi za sadaka zimekufa kwa daftari lililofichwa.

Tatu, unyevu na mchwa. Msitu wa Walikale hula karatasi. Rafu zisiguse ukuta wala ardhi. Miguu yake isimame ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya gari. Madirisha yafunguliwe jua likiwaka. Na vitabu vishikwe mara kwa mara, kwa maana kitabu kinachoshikwa hakioti ukungu upesi.

Tena liko shaka la wazazi, kwamba mikutano ya jioni itawapoteza vijana, hasa wasichana. Sisemi shaka hilo ni bure, hasa katika nchi yenye watu wa silaha njiani. Mikutano ianze saa tisa alasiri Jumamosi, iishe kabla ya giza, na mama wapewe viti vya mbele. Kwaya ya parokia yaweza kufungua. Wachezaji wa Kihunde wafuate. Wanafunzi waigize mchezo walioutunga wenyewe. Na wale wanaosema Kinyarwanda walete hadithi zao, maana katika Masisi chumba ambamo lugha hizo mbili zasikilizana kwa saa mbili si jambo dogo.

Kisha aitwe mzee msimulizi. Alipwe, kwa kuwa tangu kale msimulizi hakuondoka mikono mitupu: kuku, au faranga, au nguo. Aanze na kuzaliwa kwa Mwindo. Jumamosi ya pili aelee ndani ya ngoma mpaka kwa shangazi yake. Ya tatu ashuke kuzimu. Ikiwa nakala ile iliyokwisha somwa imefika kutoka ng'ambo, iwekwe mezani karibu naye, na mwanafunzi mmoja afuate mistari ya Kinyanga kwa kidole. Na mzee akienda njia isiyo ya kitabu, mwanafunzi asimkatize, bali aandike pembeni ya ukurasa kwa kalamu ya risasi maneno aliyoyasikia.